Mita Mbili na Nukta Moja

Kwa Bi Waya ukurasa wa kina cha mto ulifunguka bila taabu. Ndiyo maana mdogo wake alipopiga simu saa saba mchana kulalamika kwamba haufunguki, wazo la kwanza lililomjia ni kwamba huyu bwana amebonyeza tena mahali pasipomhusu.

"Dada, king'ora kimewasha taa nyekundu," alisema. "Hakiipati seva. Hata simu yangu haifungui ukurasa."

"Tangu lini?"

"Nimeiona sasa hivi, nimekuja kunywa maji."

"Mimi ukurasa ninao hapa, tunatazamana. Mita mbili na nukta moja. Maji ya kunawa miguu hayo, Kifupi. Acha presha."

Walimwita Kifupi kwa sababu hakuna mlango wa nyumba yao aliopita bila kuinama. Alikuwa msimamizi wa wachimba mchanga, watu arobaini na ushei walioshinda na majembe yao kwenye visiwa vya mchanga katikati ya mto. Mto wenyewe ulikuwa mnafiki. Hapo machimboni jua linawaka na watu wamevua mashati, kumbe huko milimani mvua inamwagika tangu alfajiri. Mwaka juzi ulimchukua baba yao namna hiyo, mchana kweupe, koleo mkononi.

Baada ya matanga Bi Waya, fundi wa mitandao katika ofisi ya maji, hakutulia mpaka mambo mawili yakafanyika. Huko juu mlimani kikawekwa kipimo ambacho kila baada ya dakika kumi hutuma kina cha maji kwenye seva, nayo seva iko kwenye chumba cha nyuma ya meza yake. Huku chini machimboni ikasimamishwa nguzo yenye king'ora, kazi yake kuiuliza seva maji yamefika wapi. Kikiambiwa yamevuka mita nne, kinalia. Kutoka kwenye kipimo hadi machimboni maji husafiri saa nzima, na saa nzima inatosha hata mwenye goti bovu kupanda ukingo.

Basi Bi Waya akaanza kazi kwa utaratibu wake wa siku zote. Aliingia chumba cha nyuma akakagua nyaya. Zimekaa sawa, taa zake za kijani zinapepesa. Akaipigia seva hodi kutoka kwenye kompyuta yake, ikaitika mara moja. Akatoa simu yake mwenyewe, yenye laini ya kampuni nyingine, akafungua ukurasa kama mtu wa nje. Ukafunguka pia. Mita mbili na nukta moja.

"Ubovu uko huko kwako," alisema, na sauti yake ilikuwa na ule ushindi wa dada mkubwa. "Panda kwenye nguzo, zima kisanduku, hesabu mpaka thelathini, washa."

"Nipande na jua hili?"

"Urefu wote huo ulipewa wa nini? Panda."

Kifupi akacheka, akaweka simu chini, simu ikakatika. Bi Waya akafungua kumbukumbu za seva, mahali inapoandika kila anayebisha hodi, ili akione king'ora kikirudi.

Hakikurudi. Si kwamba king'ora kilibisha kikakataliwa, hakikuonekana kabisa. Akapandisha ukurasa wa kumbukumbu, akapandisha tena, akitafuta ni lini kilionekana mara ya mwisho. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Na pale pale, kwenye dakika ile ile, akaona jambo jingine. Kipimo cha mlimani nacho kilionekana mara ya mwisho saa tatu na dakika ishirini.

Akarudi kwenye ukurasa. Chini ya ile namba kubwa, kwa maandishi madogo aliyoyapanga yeye mwenyewe, paliandikwa wakati ilipopokelewa. Asubuhi. Namba aliyokuwa akimtambia mdogo wake ilikuwa ya karibu saa nne zilizopita. Aliogopa. Aliogopa kama siku ile walipokuja kumwambia habari za baba.

Akapiga simu. Ikaita mpaka mwisho. Kifupi yuko juu ya nguzo, simu iko chini. Akapiga tena, huku mkono wa pili ukifungua programu ya ulinzi, ile ambayo mkuu wake aliitaka kwa sababu ya wahuni wa mtandaoni waliokuwa wakiisumbua seva. Aliiwasha yeye asubuhi hiyo, saa tatu na dakika ishirini, kabla hata hajatua mkoba. Sheria yake ilikuwa nyepesi: anayebisha hodi zaidi ya mara ishirini kwa dakika ni mhuni, afungiwe nje saa nzima, na akiendelea kubisha saa yake ianze upya.

Kwenye orodha ya waliofungiwa palikuwa na anwani moja tu.

Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ijumaa iliyopita Kifupi alimbembeleza: dakika kumi ni nyingi, dada, kifanye kiulize haraka haraka, nipate usingizi. Naye kwa kumpenda akakiweka kiulize kila baada ya sekunde mbili. King'ora, kipimo na simu ya Kifupi vyote vilikuwa na laini za kampuni moja, na kampuni hiyo huwapitisha wateja wake wote mtandaoni kwa anwani moja. Mlinzi huyo alikifungia king'ora kwa kiherehere chake, akawafungia na wenzake wote waliopita mlango huo. Mkono ulioharakisha king'ora na mkono uliowasha mlinzi, yote miwili ilikuwa ya Bi Waya, na hakuwa na wa kumsingizia.

Akaifuta anwani ile. Mlango ukawa wazi.

Kipimo kilikuwa kimetunza kila kitu, na sasa kikamwaga kwa mpigo. Mbili na nukta mbili. Mbili na nukta sita. Tatu na nukta tatu. Nne na nukta moja, iliyopimwa saa sita na dakika ishirini. Tano na nukta tatu. Sita. Bi Waya akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa saba na dakika kumi na nane.

Simu ikaita mkononi mwake, na kabla hajasema halo akakisikia king'ora kikilia, kikali na safi. Akashukuru Mungu kwa sauti.

"Dada, wewe ni kiboko!" Kifupi alikuwa akihema na kucheka. "Kinalia vizuri ajabu. Watu walishaanza kukimbilia ukingoni, nimewarudisha. Nimewaambia ni dada anajaribu."

Kila alipomaliza kukitengeneza king'ora, Bi Waya alikiliza dakika nzima ili ahakikishe. Mara nne mwaka huu. Wachimbaji wakiambiwa ni majaribio hawakuijali tena ile kelele. Waliitania, wakaendelea na majembe yao.

"Sijajaribu," alisema.

"Nini? Sema kwa nguvu, kinapiga kelele!"

"Sijajaribu mimi! Ni maji! Kifupi, watoe watu, maji yamefika!"

Kicheko kikakatika. Akamsikia akipaza sauti, tokeni, tokeni, na mbali sana mtu akijibu kwa utani kwamba leo dada kazidisha. Kisha akasikia simu ikianguka kwenye mchanga na miguu ikikimbia. Alijua inakimbilia upande gani, kwa sababu alimlea mwenyewe: haikuwa inaelekea ukingoni, bali kwa watu visiwani.

"Kifupi!" aliita. "Mdogo wangu, rudi!"

Laini haikukatika. Bi Waya aliishika simu sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza king'ora chake kikilia bila kasoro yoyote, mpaka mngurumo wa maji ukafika, nacho kikanyamaza.