Aliyeanza Kucheka

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa, saa kumi na mbili na robo jioni, kipindi kikiwa hewani na nchi nzima ikisikiliza. Au tuseme ile sehemu ya nchi iliyokuwa bado inasikiliza, maana wengine walishahamia stesheni za muziki zamani.

Mheshimiwa, mgeni wa siku ile, alikuwa ameketi kwenye meza ya wachekeshaji, karatasi mkononi, miwani puani. Akasoma: "Na leo hii nasema bila woga, hakuna hospitali ya serikali inayokosa dawa." Kisha akanyamaza, akainua macho kama mtu anayesubiri alichoahidiwa.

Mwanamke mmoja akacheka.

Kicheko kilianza kwa kwikwi ndogo, kama kifuniko cha sufuria kinachoanza kutikiswa na mvuke. Kikapanda, kikakatika, kikapanda tena, kikamalizia kwa "ooo, jamani" ya mtu anayejifuta machozi. Kiberiti, kwenye kiti chake cha mbele, akacheka naye. Hakuamua. Ukigongwa chini ya goti mguu unaruka wenyewe, naye alicheka hivyo. Na ukumbi, uliokuwa umelala tangu kipindi kianze, ukaamka ukacheka wote, hadi mlinzi wa mlangoni akalazimika kujifunika uso kwa kofia.

Kiberiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Aliyatambua yale "ooo, jamani". Yalikuwa ya mke wake, na mke wake alikuwa kaburini mwaka wa pili.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini aliitwa Kiberiti kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwasha. Kipindi kiliitwa Meza ya Wambeya. Kila Alhamisi wachekeshaji wanne walikaa wakachambua mambo ya wiki: nani kala, nani kadanganya, nani kaahidi daraja mahali pasipo na mto. Watu ni wazito kucheka mbele ya wasiowajua. Anatakiwa mmoja awashe, wengine washike moto. Ndipo akaajiriwa Kiberiti akae mstari wa mbele, chini ya kipaza sauti kinachoning'inia, acheke mapema kidogo kuliko wenzake.

Ukweli ni kwamba njiti ilikuwa mke wake. Yeye alikuwa kasha la kuibebea. Mama yule alikuwa dobi. Alikuja kila Alhamisi akitoka kazini, mikono ikinuka sabuni na wanga, akakaa nyuma ya mumewe, mstari wa pili. Yeye akianza, Kiberiti anafuata, na ukumbi unamfuata Kiberiti. Siku hizo watu walipanga foleni kuzunguka jengo, na wenye maduka walikawia kufunga ili wamalize kusikiliza.

Halafu wakubwa wakaanza kukishika kipindi. Mkurugenzi mmoja aliondoa bei za vitu. Aliyemfuata akaondoa barabara. Mwingine akaondoa mawaziri wote, waliopo na waliostaafu, asionekane kubagua. Wachekeshaji wakabakiwa na habari za wakwe na waamuzi wa mpira, na mkwe unaweza kumcheka kwa Alhamisi ngapi? Supu ukiichuja kila siku inabaki maji ya moto. Kisha anatokea mtu na suti yake, anauliza mbona wateja hawaji. Wakaleta wataalamu wachunguze. Wataalamu wakaandika kwamba wasikilizaji wamebadilika, wakalipwa, wakaenda zao.

Viti vilipoanza kubaki vitupu, Fundi Mitambo, aliyekaa kwenye chumba cha vioo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akatafuta dawa yake. Alichukua vicheko vya miaka ile ya neema akavihifadhi kwenye kitufe cha njano. Makofi akayaweka kwenye cha bluu. Yote aliyaita akiba, na wakurugenzi wakaambiwa habari ya makofi tu. Ukumbi ukiwa mkavu alibonyeza, spika za nyuma ya viti zikacheka, na aliyeko nyumbani akadhani watu wamejaa.

Kicheko cha dobi kilikuwemo kwenye akiba. Tangu msiba, Fundi hakukitumia bila kuomba. Kabla ya kipindi alitoa kichwa mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Nimkaribishe shemeji leo?"

"Mkaribishe," Kiberiti alijibu.

Basi kila Alhamisi alikaa pale mbele akamsikia mke wake anacheka nyuma yake, na hakugeuka hata mara moja. Mshahara wenyewe ulishakuwa wa kuonea haya. Ila kuna watu wanaosafiri siku nzima kwenda makaburini, na yeye alikuwa na kiti.

Alhamisi ile Mkurugenzi mpya, kijana wa kutembea haraka, alimwambia Fundi mbele ya watu wote: "Mheshimiwa atasoma. Kila akipumzika, makofi. Umenielewa? Makofi tu."

Fundi alielewa. Lakini mkono wa mtu una miaka yake. Kwa miaka yote mkono ule ulisikiliza jinsi sentensi inavyoshuka mwishoni na jinsi msemaji anavyonyamaza kidogo, ukaenda kwenye njano. Na ile sentensi ya hospitali na dawa, mwenyewe unaonaje, ilikaa kama nini?

*

Kipindi kilipokwisha, Mheshimiwa aliondoka bila kumpa mtu mkono. Gari lake liliondoka, ila vijana wake wawili walibaki. Walisimama kila mmoja upande wake wa mlango.

"Hakuna anayetoka," alisema Mkurugenzi. Naye alikuwa anaogopa. Ndiyo hatari ya wakubwa wadogo, hofu yao haikai kwao, lazima waitue kwenye kichwa cha mtu. Akakielekea kioo. "Fundi, ulibonyeza nini?"

Sauti ya Fundi ilitoka kwenye spika kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba. "Makofi, bosi, ila hayakutoka."

"Rudisha rekodi nisikie."

Rekodi ikarudishwa. Dawa. Kimya. Kwikwi. Kicheko. Kisha Kiberiti, kisha watu wote.

"Tena."

Kila ilipopigwa, Kiberiti alihisi mtu anamvuta ukosi kwa nyuma.

"Wewe Kiberiti nimekusikia, utajibu kesho," alisema Mkurugenzi. "Lakini wewe ni wa pili. Mimi namtaka aliyeanza. Huyu ni mwanamke."

Bibi Pilipili, mchekeshaji mkongwe kuliko wote, alikuwa bado mezani. "Usinitazame mimi, mwanangu," alisema. "Kituo hiki kimenifukuza mara mbili. Ningekuwa nimecheka ningekuambia, tumalize ya tatu nikalale."

"Wewe una kipaza sauti chako, ungesikika huko. Huyu alikuwa kwenye viti."

Kwenye viti walikuwemo wanawake watatu. Ajuza mmoja aliyekuja kila wiki kupumzisha miguu yake. Mwalimu wa chekechea aliyeletwa na binamu yake mlinzi. Na binti wa Kiberiti.

Kiberiti ndiye aliyemleta. Wafanyakazi waliamriwa walete ndugu ili Mheshimiwa asione viti vitupu, na binti alikuwa amekataa. "Baba, kipindi chenyewe hakichekeshi." Akamjibu, "Najua, mama. Njoo ukae tu." Alikuja na mikono inayonuka wanga, maana amerithi pasi za mama yake, akaenda kukaa mstari wa pili, kiti kile kile.

"Mtakuja hapa mmoja mmoja," alisema Mkurugenzi, akigonga kipaza sauti. "Kila mtu atacheka. Fundi atarekodi. Tutalinganisha sauti."

"Tucheke nini?" aliuliza mwalimu.

"Chochote."

Ajuza akaanza. Aliegemea meza, akatoa pumzi mbili tatu kavu. "Ndiyo hivyo," alisema. "Mimi nikicheka unatoka upepo, mwanangu. Sauti ilitangulia na meno." Siku nyingine ukumbi ungeangua kicheko. Hakuna aliyethubutu hata kutabasamu.

Mwalimu alipofika mbele alifungua mdomo, midomo ikatetemeka, machozi yakaanza.

"Kiberiti," aliita Mkurugenzi. "Kazi unayolipwa ni hiyo. Mwashe."

Kiberiti alisimama. Ujanja wake ulikuwa mmoja: kujifanya anakizuia kicheko. Alibana midomo, akavimbisha mashavu, mabega yakamtikisika, macho yakamtoka kama ya mtoto aliyeficha sukari mdomoni. Kumtazama mtu anayejizuia ndiko kunakomshinda anayemtazama. Mwalimu alipambana, kisha akatoa kicheko chembamba, kama cha mbuzi, akakimeza hapo hapo.

"Siye," alisema Mkurugenzi, na wote wakajua amebaki nani.

Binti alikuja taratibu. Alisimama mbele ya baba yake, kipaza sauti katikati yao.

"Baba," alisema, "mimi sikucheka."

"Najua, mama."

Alijua pia jambo ambalo mle ndani hakulijua mwingine. Alipokuwa mdogo, binti yule alicheka kama mama yake, kwikwi kwa kwikwi, mpaka jirani aliye nyuma ya ukuta akawa hajui ni nani. Tangu msiba hakucheka. Miaka miwili Kiberiti amejaribu ujanja wake mezani, mashavu yamevimba, mabega yanaruka, na mtoto anamtazama, anaendelea kula. Usiku ameomba kwa Mungu: acheke, hata mara moja. Sasa alikuwa anaomba kinyume, na hakuwa na uhakika kama Mungu anapokea maombi mawili yanayopingana kutoka nyumba moja.

Alitazama kioo. Fundi alikuwa ameweka mikono yote kichwani, mbali na vitufe, kama aliyeshikiwa silaha. Neno moja tu lilitosha: akiba. Kiberiti akilisema, binti atatoka kwa mlango na Fundi atatoka katikati ya wale vijana wawili, na Fundi ana watoto wanaosubiri chakula cha jioni. Na akiba yenyewe itafutwa kabla ya asubuhi. Asiposema, mwanamke wa tatu ndiye amebaki, na kiti chake ni kile kile.

"Mwashe," alirudia Mkurugenzi.

Kiberiti alikusudia kusimama kama mlingoti, asiwashe kitu. Lakini hofu ilikuwa na mipango yake. Ilianza magotini ikapanda. Midomo aliibana isitetemeke. Mashavu yakajaa pumzi ambayo haikujua pa kutokea. Mabega yakaanza kuruka. Alikuwa anatetemeka kwa woga, na woga ulimvalisha sura ile ile ya kazini, sura ile ile ya mezani, mpaka macho yaliyotoka.

Binti alimtazama. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza.

Usicheke, Kiberiti alisema moyoni. Mama, nakuomba, usicheke leo.

Kifua cha binti kikaruka. Ikatoka kwikwi, moja, ndogo, kama mvuke chini ya kifuniko.

Mkurugenzi akainua kichwa. Vijana wa mlangoni wakaacha kuegemea ukuta.

"Ni mke wangu," alisema Kiberiti.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, kipaza sauti kikaidaka, ikarudi kutoka pembe zote za ukumbi.

"Nani?"

"Aliyeanza kucheka. Ni mke wangu."

Kule nyuma ya kioo Fundi alivua vidude vya masikioni, taratibu, akaviweka chini. Bibi Pilipili aliinamisha uso. Walimjua marehemu, walikula chakula cha matanga yake. Mkurugenzi mpya hakujua. Uso wake ulilainika, rangi ikamrudia, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia jua lote na sasa ameonyeshwa mgongo wa mwingine.

"Kwa hiyo alikuwemo humu."

"Hakosi Alhamisi hata moja."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma yangu. Mstari wa pili."

Mkurugenzi alikitazama kiti. Kilikuwa kitupu, binti akiwa amesimama mbele. Akawatazama wale vijana wawili. Wakatikisa vichwa, hawakumwona mwanamke akitoka.

Kiberiti alikumbuka benchi. Benchi la korido ya hospitali, rangi ya kijani iliyobabuka, ambapo alimwacha mke wake akiwa hai, anahema, kwa sababu alitumwa nje kutafuta dripu, ndani haikuwepo. Aliporudi nayo, akikimbia, chupa ingali baridi mkononi, benchi lilikuwa limefutwa, bado bichi. Shuka waliyoitoa nyumbani ilikuwa imekunjwa vibaya pembeni, mkunjo ambao dobi asingeuacha. Alisimama pale akauliza alikopelekwa, swali lile lile kwa kila aliyevaa nyeupe. Mmoja alimwelekeza dirishani. Wa dirishani alimwelekeza kwa mwenye funguo. Mwenye funguo alikuwa ametoka. Chupa ile ipo nyumbani mpaka leo, juu ya kabati, haijafunguliwa.

Binti alimshika baba yake kiwiko. Kwikwi ilikuwa bado inamruka kifuani, na hakuna ambaye angeweza kusema itageuka kuwa kicheko au kilio. Juu ya mlango taa nyekundu iliwaka. Rekodi ilikuwa inaendelea, inachukua kila kitu, hata kimya.

Mkurugenzi alivisogelea viti. Aliinama akachungulia chini ya mstari wa pili. Aliposimama, hasira ilikuwa imemrudia, na kwa mara ya kwanza alipaza sauti, si kwa Kiberiti peke yake, bali kwa wote waliokuwemo.

"Haya, nauliza," alisema. "Mmempeleka wapi?"