Mtangazaji Akirudi Chumbani

Mwanamke anayegundua baada ya miaka ishirini na ushee ya ndoa kwamba mumewe ni mchekeshaji, mwacheni anune. Ana haki yake.

Alikuja huku kwenye hifadhi kwa kujialika mwenyewe. Miaka yote mumewe alikuwa akija peke yake, anaondoka nyumbani kiangazi kinapoanza na wageni kumiminika, anarudi wageni wakiisha, na yeye mke anabaki na watoto. Mwaka huu kitindamimba wao akaolewa, nyumba ikawa kubwa ghafla, akaona hawezi kushinda akitazamana na makochi. Akamwambia mumewe kwamba safari hii wanakwenda wote. Mume akasema, "Haya." Na haya ya mtu yule haina kichwa wala miguu. Huwezi kujua ni haya ya furaha au ya mtu aliyebanwa kwenye kona.

Hoteli yenyewe ilikuwa nje kidogo ya lango la hifadhi. Mume alikuwa dereva wa yale magari ya wazi yanayoingiza wageni porini. Mke akapangiwa kufunga vyakula vya mchana ambavyo wageni hao huondoka navyo: mkate uliopakwa siagi, yai la kuchemsha, tunda, na juisi ya boksi yenye mrija ambao lazima mmoja upotee kila asubuhi. Meza yake iliwekwa nyuma ya kaunta ya mapokezi, maana magari yaliegeshwa hapo mbele. Na juu ya kaunta hiyo ilikaa redio ya upepo, ile ambayo madereva huitumia kuambiana wanyama wako wapi na nani amenasa kwenye tope.

Siku ya kwanza tu, anamenya mayai, akaisikia sauti.

"Ndugu abiria na wasio abiria, pale kwenye kona ya mawe nyati wamefunga njia. Inaelekea ni mkutano. Ajenda hatujapewa, ila mwenyekiti ananitazama kama mjumbe aliyechelewa. Ova."

Binti wa mapokezi alicheka mpaka akajishikilia kwenye kaunta. Mke akauliza huyo anayeongea ni nani. Binti akamkodolea macho.

"Shemeji, si mumeo huyo? Mtangazaji."

Ndivyo alivyopata jina lake la kazini na la mumewe kwa mpigo mmoja. Yeye akawa Shemeji, wa madereva, wa wapishi, wa walinzi, na hata wa wageni wachache waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Na mumewe, kumbe, ni Mtangazaji.

Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu huyo Mtangazaji. Nyumbani alikuwa mtu wa "mm" na "haya", na akizidiwa kabisa na maneno, "tutaona". Mama mkwe wake aliwahi kuuliza, kwa upole wote, kama kijana wa watu ana matatizo ya ulimi. Kaka za mkewe, ambao wao midomo haijawahi kuwapa shida, walikuwa wakija kukaa naye sebuleni, na wakitoka wanasema leo tumeshinda na kabati. Miaka ishirini na ushee mwanamke wa watu amelipangusa vumbi kabati lake na kulipenda hivyo hivyo, na leo anaambiwa linatangaza.

Akaona wivu. Tena wivu mbaya, usio na mtu wa kumkamata. Angekuwa mwanamke mwingine angemwendea wakayamaliza, lakini redio utaiendea useme nini?

Msimu ukaenda. Mtu asikudanganye, ulikuwa msimu mtamu. Upepo wa asubuhi ulishuka kutoka milimani ukiwa na harufu ya majani, wageni walikimbiza kofia zao uwanjani, na wapishi walikuwa na maneno ya kuvunja mbavu. Siku zao za mapumziko mume alimpeleka mtoni, wakakaa juu ya jiwe na vyakula vilivyobaki. Alimmenyea yai. Alimwonyesha ndege kwa kidole, akangoja mpaka na yeye amemwona. Alikuwa mume mzuri, hilo Shemeji hakulikataa hata siku moja. Ila jioni, katika chumba chao cha wafanyakazi, kwenye vile vitanda viwili vya chuma, alikuwa akimuuliza leo porini kumekuwaje, na jamaa, huku akikamua soksi zake kwenye sinki, anajibu, "Kawaida."

Kawaida! Mtu aliyeshinda akiwaua watu kwa vicheko!

Kwa hiyo Shemeji akajiwekea sheria. Mbele ya binti wa mapokezi hacheki ng'o. Mtangazaji anatangaza, binti anajipigapiga mapaja, na yeye amekaza uso anapanga maboksi. Mambo yakimshinda anakumbuka kwamba stoo kuna kitu amekisahau.

Msimu ulipokaribia kuisha, meneja akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa mama mmoja asiyependa kuzunguka. Akawaambia hoteli inataka watu wa kubaki mwaka mzima, dereva mmoja na mtu wa kusimamia stoo na vyakula vya safari, na kwamba nyuma ya gereji kuna nyumba ya vyumba viwili. Walikuwa na mpaka Ijumaa. Mke na mume, au basi.

Shemeji alitoka mle moyo ukimruka, kisha ukatulia mahali pabaya. Kazi aliitaka. Nyumba ya nyuma ya gereji alishaanza kuitundikia mapazia kichwani. Lakini hakuna aliyemwambia njoo. Alijileta. Je, huyu mtu anamtaka hapa, au amemwingilia kwenye raha zake? Akaapa kwamba mumewe asipolisema kwa mdomo wake mwenyewe, yeye anarudi nyumbani kwenye makochi, na hamfuati tena, abaki na nyati wake.

Jumanne akamuuliza. Mume akasema, "Wewe unaonaje?" Jumatano akamuuliza tena. Mume akasema, "Tutaona."

Alhamisi, binti wa mapokezi alikuwa amekwenda kuwaonyesha wageni vyumba, na Mtangazaji alikuwa hewani. Alikuwa akimtangaza Mzee Pole, dereva mwenzao anayeendesha taratibu kupita kiasi, akidai kwamba kobe mmoja amempigia honi akitaka kumpita. Shemeji akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye redio, akabonyeza kitufe kama alivyomwona binti akifanya.

"Gari la pili, hapa mapokezi."

"Karibu mapokezi, msikilizaji wetu mpendwa. Ova."

"Ni mimi mkeo. Meneja anataka jibu kesho. Unataka nibaki au hutaki?"

Alipoachia kitufe ndipo alipokumbuka kwamba redio ile haina siri. Magari yote yalikuwa porini, kila moja limejaa wageni, na kila moja lina spika. Ikaja kelele ya upepo tu. Mzee Pole, ambaye hajawahi kuacha maneno ya mtu yapite bila kuyadakia, hakudakia. Halafu mumewe akasema, "Nimekupata. Ova."

Nimekupata. Ndivyo wanavyojibu wakiambiwa lango litafungwa mapema leo. Ndivyo wanavyojibu wakiambiwa tairi la akiba liko gereji. Shemeji akakirudisha kile kipaza sauti mahali pake, akarudi kwenye mayai yake, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

Alasiri magari yakarudi. Madereva walipita mbele yake mmoja mmoja na kofia mkononi, wakimpa pole na kazi kwa sauti za msibani. Hakungoja gari la mumewe lifike. Alikwenda chumbani, akalivuta begi uvunguni, akaanza kukunja nguo.

Mume aliingia jua likiwa bado dirishani. Hakuvua viatu. Alilitazama begi, akakaa, tena si kwenye kitanda chake bali kwenye cha mkewe, katikati ya nguo.

"Mwanzo sikutaka uje," akasema.

Mkono wa mke ukabaki kwenye zipu.

Akaendelea, na ilikuwa kazi kwelikweli kumtazama, maana kila sentensi aliivuta kama ng'ombe aliyegoma. Alisema analijua lile jina la kabati. Alilisikia siku nyingi, akiwa nyuma ya mlango. Hapa hakuna aliyejua kwamba yeye ni kabati. Siku moja aliropoka tu redioni, watu wakacheka, akaropoka tena. Mle garini hatazamwi na mtu, anatazama barabara, na maneno yanakuja yenyewe. Akaogopa kwamba mkewe akija, atakuja na kabati lake, na kila mtu ataliona.

"Na sasa?" mke akauliza.

"Sasa nataka ubaki. Redioni ningelisema vizuri zaidi, ningetia na mbwembwe. Sikutaka hili niliseme vile."

Mke akadhani yamekwisha, maana kwa mtu yule hayo yalikuwa ya mwaka mzima. Lakini alikuwa anatafuta mengine.

"Tangu uje, nikiona kitu porini nakifikiria njia nzima nitakisemaje. Kwa sababu najua umekaa hapo pembeni ya redio. Jioni, kabla sijaja huku, nampitia yule binti wa mapokezi. Namuuliza, leo amecheka?" Akaikunjua nguo moja iliyokuwa imekunjwa. "Kila siku ananiambia hapana."

Shemeji akakaa chini palepale, juu ya begi. Alijisikia vibaya mpaka kwenye kucha. Msimu mzima amemnunia mtu aliyekuwa akitangaza kwa ajili yake, naye mwenzake msimu mzima amerudi chumbani akijua ameshindwa.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Nilikuwa naingia stoo nacheka, nimejiziba na aproni. Niliona uchungu. Unawapa watu wote, mimi unaniletea kawaida."

Mume alimtazama kama mtu anayehakikisha hadanganywi.

"Ipi?"

"Ipi nini?"

"Iliyokuchekesha."

"Ya nyati," mke akasema. "Mwenyekiti."

Basi akaanza kumhadithia upya, uso kwa uso, bila kitufe wala barabara ya kutazama. Akaanza na mwenyekiti kabla ya mkutano, akarudi nyuma, akasahau ajenda, jasho likamtoka. Aliiharibu yote. Mkewe akacheka kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, na yeye, alipoona hivyo, akavua viatu, akaanza ya Mzee Pole.