Nusu ya Mashine Siku ya Mafuriko

Saa mbili na nusu asubuhi hesabu ya mto ilikuwa imefika robo tu, na Mama Waya, fundi wa kompyuta wa kituo cha kutabiri mafuriko, alitaka kuikatisha.

"Uikatishe?" Mkuu wa kituo macho yalimtoka pima. "Maji yanafika bondeni saa sita!"

"Kwa mwendo huu jibu litatoka saa tano na nusu, bosi. Nusu saa itamhamisha nani?"

Kaka yake Mama Waya aliishi huko bondeni na wanawe.

Tangu wabadilishe mfumo endeshi wiki iliyopita, hesabu ya saa mbili ilikuwa ikichukua saa nne, na ofisi nzima iliilaumu programu ya hesabu. Mama Waya, mbishi wa kuzaliwa, alikuwa ameshinda jana kutwa akipima mifumo yote miwili, na alijua mchawi ni nani. Mashine ilikuwa na viini vinane vya kukokotoa, lakini haipathredingi, mpangilio wa kichakataji, hukifanya kila kiini kijitangaze kuwa viwili. Mfumo wa zamani uliujua ujanja huo: kazi nane, kila moja na kiini chake. Huu mpya uliamini kila ulichoambiwa. Ulibananisha kazi mbili mbili kwenye kiini kimoja, zikagombana kama mafundi wawili kwenye cherehani moja, na viini vingine vikakaa bure.

"Naizima haipathredingi."

"Unaondoa nusu ya mashine siku ya mafuriko?"

"Naondoa majina, bosi. Mikono inabaki ile ile minane."

"Na ukikosea?"

"Sikosei. Nimepima mara sita."

Mkuu alipiga moyo konde. "Haya, zima."

Mashine ikawashwa upya, hesabu ikaanza sifuri. Mama Waya aliogopa, tusidanganyane, lakini hakubanduka kitini. Robo ilifika kwa nusu saa. Mkuu akaacha kuzungukazunguka, akaketi.

Saa nne na dakika arobaini ramani ilitoka. Mkuu alishika redio ya tahadhari, akaanza kutaja mitaa. Mama Waya aliufuata mstari wa maji kwa kidole mpaka kwenye nyumba aliyoijua vizuri, akapiga simu.

"Dada, huku jua linawaka!" kaka yake alicheka. "Una hakika?"

"Ninayo. Maji yatapita juu ya madirisha yako. Achana na godoro, beba watoto, pandeni kilimani sasa hivi."

Kicheko kilikatika. Simu haikukatwa, akamsikia akiwaita wanawe, mmoja, mwingine, wa mwisho, kisha miguu ikikimbia.