Mpangaji wa Chumba cha Uani

Tangu asubuhi Kisura alimsihi dada yake: wageni wakiuliza, aseme ni muuguzi. Hospitali si ni ileile? Dada mtu alikuwa akiosha maiti mochwari. Aliwafunga taya kwa bandeji, akawakata kucha, akawachana nywele, maana aliona si haki mtu aagwe akiwa timutimu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Kisura. Hakupenda kuikana, ila alipomwona mdogo wake anavyohangaika, akanyamaza. Kisura akachukulia amekubali.

Wageni walikuja wawili, mchumba wa Kisura na mama yake, mwanamke mpole aliyesifia kila kitu, hata mapazia. Dada mtu alipomsogezea biskuti, yule mama alimshika mkono, akamwuliza anafanya kazi gani. Kisura akawahi kujibu kwamba dada ni muuguzi, wodi ya wazazi.

Pengine angenyamaza tena. Lakini yule mama akaanza kumshukuru. Binti yake alijifungulia hospitali hiyo, akahudumiwa vizuri mno, bila shaka ni yeye huyu. Hakumwachia mkono.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi naosha maiti."

Yule mama akauachia mkono taratibu, akapangusa kiganja kwenye gauni lake. Mchumba akaitazama biskuti aliyokwisha kuiuma.

Ndipo Kisura akacheka. "Msimsikilize. Huyu si dada yangu wa damu, ni mpangaji wetu, chumba cha uani. Nilitaka kumsitiri tu. Wakati mwingine akili zinamruka."

Dada mtu akamgeukia mama yao. Mama alikuwa akimimina chai. Alimimina mpaka kikombe kikajaa, akakiweka mbele ya mgeni.

"Kweli," alisema. "Ni mpangaji."

Jioni mama alimfuata chumbani. Hakuomba radhi. Alisema ameyataka mwenyewe, kwani nani alimlazimisha kusema? Kisha akamwambia ahame kabla ya harusi, maana wakwe watakuwa wakija mara kwa mara. Dada mtu akauliza kama anafukuzwa. Mama akasema hamfukuzi hata kidogo, yote ni kwa ajili ya mdogo wake. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama godoro angeweza kuliacha.

Aliliacha.

Siku ya harusi alikuwa kazini, akimwosha bibi mmoja aliyeletwa bila ndugu. Mlinzi, mtu wa mizaha, alichungulia akamwuliza mbona leo kanuna. Akajibu kwamba mdogo wake anaolewa.

"Sasa wewe unafanya nini huku?"

"Hawakunialika."

Mlinzi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Si utani," alimwambia.

Mlinzi akaondoka. Dada mtu akaendelea kumsugua bibi yule miguu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, naye hakuweza kuyafuta, kwa sababu ya glavu.