Jiwe la Mlango wa Jikoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa uwandani kutambua mawe.

Mawe yamepanga foleni kama watoto wa chekechea mbele ya nyundo iliyokalia kigoda, daftari mapajani. Nyundo ina adabu. Inanipa shikamoo, halafu inanieleza sheria: jiwe lililokuwa kifaa cha watu wa kale litapata mkono wake. Lisilopata, adhuhuri litapasuliwa kokoto.

Mikono inashuka kutoka mawinguni, yote ya kulia, ina vumbi. Jiwe likimkaa mwenyewe sawasawa, mkono na jiwe vinaondoka pamoja, vikizungumza habari za ngozi na mifupa.

Linabaki moja. Nalijua, ndilo ninaloegeshea mlango wa jikoni usijifunge. Nililiokota humu humu uwandani nikitafuta kuni. Kila mkono umelijaribu na kuliweka chini.

"Miaka kumi na tisa nakushikia mlango, bibi," linasema. "Wewe hujanishika vizuri hata siku moja."

Nalishika. Linanichoma. Naligeuza, linanichoma tena. Nyundo inatazama jua, inaniomba radhi.

Hapo uwanda umekuwa jikoni kwa marehemu mama. Ameshika mwiko, kama alivyoushika kila nilipotaka kula kwa mkono wa kushoto. Mkono huo nimeuficha ndani ya kitenge tangu darasa la kwanza.

"Mama," namwambia, "hili jiwe litakufa."

Mama anautazama mwiko, anauchovya kwenye mlenda, anaonja.

"Basi utoe, mwanangu. Utakuwa umechoka huko gizani."

Nautoa. Jiwe linatulia kiganjani kama yai kiotani, kidole gumba kinapata pa kukaa. Mlangoni amesimama mwanamke aliyelichonga kabla mtama haujajulikana. Ananyoosha mkono, wa kushoto kama wangu. Nampa jiwe lake. Nyundo inafunga daftari.

Asubuhi, kwenye uji, mjukuu wangu Nyemo ameshika kijiko kwa kushoto, ananitazama, anangoja nimkaripie kama jana. Nikamsogezea bakuli.

"Bibi," akasema, "mbona kiganja chako kina vumbi jeupe?"

Kilikuwa cha kushoto. Nyuma yetu mlango wa jikoni ukajifunga taratibu, kwa kukosa kitu cha kuuzuia.