Golf Mbili Mlangoni kwa Mjomba

Rahima alipotaka gari, Masasi nzima ilimchagulia Noah. Mwanamke anauza mabati na saruji, wakasema, atabebea nini kwenye kigari kifupi? Rahima akatia pamba masikioni. Alitaka Golf, ile GTI, gari dogo lenye injini ya kiburi, na sababu yake hakumwambia mtu: alitaka kumtoa Mjomba Abdulazizi uani.

Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha. Miaka na miaka alishusha korosho kutoka kwao Newala kwa lori lake la Fuso, akiukata mteremko wa kwenda Masasi kwa gia tu, breki akiigusa kwa heshima. Abiria waliacha mabasi yapite wakamsubiri yeye. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Aliinuka, alhamdulillahi, macho mazima na akili yote, lakini mguu ukagoma kukanyaga klachi. Daktari alimruhusu kila kitu isipokuwa Fuso lake. Tangu siku hiyo kiti chake kilikaa uani, mgongo akiipa barabara, na kila aliyekuja kumtembeza alijibiwa kwamba yeye hakuzoea kubebwa.

Lukmani, dalali wa magari pale Masasi, alikuwa na Golf mbili. Moja nyekundu, ya zamani, gia za mkono, viti vya kitambaa cha drafti. Nyingine nyeupe, mpya zaidi, inayojibadilishia gia yenyewe. Rahima aliipenda nyekundu tangu alipoiwasha, akaipenda hasa. Lakini alikata shauri zote mbili zipande Newala kwa mjomba, yeye aamue. Rahima akaendesha nyekundu, Lukmani akafuata na nyeupe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Msafara wote huu, unaolewa tena?"

"Nanunua gari, nimeshindwa kuchagua. Leo hubebwi, mjomba. Unakagua."

Hilo neno la kukagua ndilo lililomnyanyua. Aliizunguka nyekundu na fimbo yake, akaamuru boneti ifunguliwe, akainusa injini kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, akaingia kiti cha mbele. Wakatoka hadi kwenye mteremko, wakashuka, wakageuza, wakaanza kuupanda.

"Rudisha tatu! Tatu, usiionee huruma!" Mjomba alipiga goti lake zima. "Haya, sasa iachie! Umesikia hiyo? Hili ndilo gari!"

Rahima alimwibia jicho. Kofia ilikuwa imekaa upande, meno yote nje. Nusu ya mwili ilikuwa nzito, na bado aliisikia injini kabla ya Rahima mwenye usukani. Hakuna dereva kama huyu, aliwaza.

Ikafuata nyeupe. Mlima ni uleule, lakini hii iliupanda kwa pupa, ikikumbatia kona bila kelele. Mjomba hata barabara hakuitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama miguu ya Rahima. Ameichukia, Rahima akajiambia, na kwa kweli hilo lilimfurahisha.

Walipofika nyumbani Rahima alizima injini. "Basi nimepata jibu. Nachukua nyekundu. Kila Ijumaa nakuja kukuchukua, tunashuka mlima wewe na mimi."

"Umechagua vizuri," alisema mjomba. "Hodari sana ile." Lakini hakushuka. Fimbo aliishika tu.

"Mguu wako wa kushoto," alisema mjomba baadaye, "ulilala njia nzima."

"Hauna kazi humu. Pedeli ni mbili, zote za mguu wa kulia."

"Hata mlimani?"

"Hata mlimani, mjomba."

"Haya." Akageukia dirisha, akawa anatazama ukuta wa nyumba yake, na Rahima akaona kidevu kinamtetemeka.

Aibu na mapenzi vilimjaa kwa pamoja. Siku zote hizi alikuwa anamtafutia mzee huyu kiti kizuri cha kubebewa! Na mjomba, kwa anavyojiheshimu, asingeomba kamwe, hata kama roho ingemtoka.

Rahima aliwasha gari bila neno, akaenda hadi uwanja wa mpira, uliokuwa mtupu. Lukmani alifuata na nyekundu. Rahima akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mjomba.

"Teremka, mjomba. Umekaa kiti si chako."

Mzee akampa fimbo, akahamia kwenye usukani.

Mwanzo gari liliruka kama chura, maana guu lile la kulia lilizoea Fuso. Likaruka tena. Halafu likatulia, likapita nyuma ya goli la kwanza, likapita la pili, na mlio wake ukapanda taratibu, sawasawa, mtu akiuongoza. Rahima alisimama na fimbo mkononi, vumbi likimwingia machoni, akilia na kucheka bila kujificha.

Gari lilikuja likasimama mbele yake, laini, hata vumbi halikustuka. Kioo kikashuka. Kofia upande.

"Dada wa Masasi!" mjomba alipaza sauti ile ya enzi za Fuso. "Nafasi moja mbele, ya mwisho!"

Lukmani hakuhitaji kuambiwa ni ipi iliyouzwa. Alikwisha kuigeuza nyekundu, anarudi nayo Masasi. Rahima aliitazama inavyokwenda, nzuri ajabu mpaka kwa nyuma, ikamuuma. Kisha akazunguka upande wa abiria, akafunga mkanda.