Asili au Binadamu

Tangu kilima kiporomoke na kumfukia mumewe machimboni, mwalimu wa jiografia alikuwa akisikia kokoto. Darasa likinyamaza tu, zilianza kuteremka nyuma ya ubao, chache chache, kama mtu anayemwaga mahindi kwenye bati. Hakumwambia mtu. Nani angemwelewa?

Mada ya maporomoko ya ardhi ilipofika, hakuikwepa. Aligawa kadi zenye sababu: mvua kubwa, mteremko mkali, ukataji miti, uchimbaji wa mawe.

“Zipangeni makundi mawili,” alisema. “Asili huku, binadamu kule. Mambo yakipangwa, kichwa kinatulia.”

Madawati yakajaa ubishi. Binti wa msimamizi wa machimbo, ambaye wenzake walimwita Kimya, alishika kadi ya uchimbaji, asiiweke popote.

“Iweke basi,” jirani yake alimhimiza. “Au kilima kilijichimba chenyewe?”

Wakacheka. Mwalimu akawatazama, kicheko kikafa, na kokoto zikaanza. Kimya akageuza shingo polepole, akautazama ubao.

“Unazisikia?” mwalimu alimnong’oneza.

“Nyumbani pia zipo. Chini ya kitanda cha baba. Siku hizi analala sebuleni.”

Kisha akaiweka kadi kwenye kundi la binadamu, akaikandamiza kwa kiganja.

Baada ya masomo, mwalimu alifuatana naye hadi kwao. Msimamizi alikuwa amekaa kizingitini, amekonda kama ufito. Hakungoja hodi.

“Nilijua utakuja tu, shemeji. Mumeo aliona ufa kilimani asubuhi ile. Alinijia mwenyewe. Nikamwambia wajaze lori moja la mwisho, ndipo niwatoe watu.”

Mwalimu alishika fremu ya mlango. Miezi yote hiyo alikuwa akijiambia ni mvua.

“Sikuja kugombana,” alisema hatimaye. “Lakini haya utayasema kwa kinywa chako mbele ya mama mkwe wangu. Polisi watafuata.”

Msimamizi alivaa kandambili, akatangulia.

Mama mkwe alimsikiliza ameinama, mikono mapajani. Msimamizi alipomaliza, bibi akamwomba arudie pale penye ufa. Akarudia.

“Basi aliwaonya,” bibi alisema. “Mwanangu aliwaonya.”